Kuchelewa Kuandikwa Si Kughushiwa

Katika somo la dini za ulimwengu ipo hukumu moja ambayo sisi waseminari huitoa haraka. Tunasoma kwamba Buddha alifariki yapata karne ya 5 au ya 4 kabla ya Kristo, na kwamba maandiko makubwa ya tawi la Mahayana, kama vile Sutra ya Lotusi, yalianza kujitokeza karne kadhaa baadaye. Hata hivyo maandiko hayo yanaleta maneno ya Buddha kana kwamba msimulizi alikuwapo akimsikiliza. Basi tunakata shauri kwamba yameghushiwa, na kitabu tunakifunga.

Naomba tusikifunge upesi hivyo. Hukumu ya namna hiyo ikitoka darasani ikafika vigangoni Nachingwea na Ruangwa, itaturudia wenyewe.

Tuanze na Wabudha, maana swali hili ni lao kabla ya kuwa letu. Tawi la Theravada, ambalo ndilo la hekalu la Wabudha lililopo Dar es Salaam lenye asili ya Sri Lanka, linashika maandiko ya lugha ya Kipali. Lakini nayo hayakuandikwa siku za Buddha. Watawa waliyahifadhi kichwani, wakayakariri pamoja kizazi hata kizazi, mpaka yakaandikwa huko Sri Lanka katika karne ya 1 kabla ya Kristo. Ndani yake mna agizo ambalo Buddha anasimuliwa kulitoa alipokaribia kufa: mtu akija na kudai kwamba amesikia neno fulani kinywani mwake, asikubaliwe wala asikataliwe papo hapo, bali neno hilo lilinganishwe na mafundisho na kanuni zinazojulikana.

Wamahayana nao wana jibu lao. Wapo wanaosimulia kwamba maandiko yao yalifichwa mpaka watu walipokuwa tayari kuyapokea. Wengine husema kwamba neno lolote linaloongoza kwenye ukweli alioufundisha Buddha ni neno lake. Nchini Japani, mwaka 1901, msomi Murakami Senshō alikiri waziwazi kwamba mafundisho ya Mahayana hayakutoka moja kwa moja kinywani mwa Buddha, ingawa aliendelea kuyaamini kuwa ni ukuaji wa kweli wa mafundisho yake. Kwa kusema hivyo alipoteza kwa miaka kadhaa nafasi yake ya ukasisi katika madhehebu yake.

Sasa tujiweke sisi kwenye mzani huo huo. Injili ya Marko, ambayo wataalamu wengi huiona kuwa ya kwanza, iliandikwa yapata miaka 30 au 40 baada ya Ufufuko. Waraka kwa Waebrania haumtaji mwandishi wake, na Origene, katika karne ya 3, alisema kwamba Mungu ndiye ajuaye nani aliuandika. Kuanzia sura ya 40, kitabu cha Isaya kinawafariji watu waliokwisha kuonja uhamisho wa Babeli, zaidi ya miaka 100 baada ya nabii huyo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Dei Verbum ya mwaka 1965, unafundisha kwamba waandishi wa Injili walichagua, walifupisha na kufafanua mambo yaliyokuwa yamepokewa kwa mdomo au kwa maandishi, huku wakitupatia ukweli juu ya Yesu. Kama kuchelewa kuandikwa ni kughushiwa, basi tumekata tawi tulilokalia.

Sisemi kwamba miaka haina maana. Miaka 40 si sawa na miaka 400, kwa sababu ndani ya miaka 40 mashahidi bado wapo na wanaweza kuulizwa, kama Luka anavyoeleza mwanzoni mwa Injili yake. Lakini miaka peke yake haitoshi kuamua. Yapo maswali mengine matatu. Andiko lenyewe linadai nini juu ya asili yake? Ni jumuiya gani iliyolipokea na kulitunza? Je, linapatana na kile kilichokuwa kikishikwa kabla yake?

Wakulima wa korosho wa RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, wanaielewa kazi hii. Ghalani korosho haipewi daraja kwa kuangalia gunia kwa nje. Huchukuliwa sampuli, korosho zikakatwa, na ubora ukaonekana ndani.

Tukate basi ile Injili ya Barnaba, ambayo waamini wetu huisikia ikitajwa kwenye mihadhara. Inadai kuandikwa na mmoja wa wale Kumi na Wawili, aliyetembea na Yesu. Lakini Matendo ya Mitume yanamtambulisha Barnaba kama Mlawi wa Kupro anayejitokeza baada ya Pentekoste. Kitabu hicho kinamweka Pilato madarakani wakati Yesu anazaliwa, wakati Pilato alitawala Uyahudi kuanzia mwaka 26. Kinamfikisha Yesu Nazareti kwa chombo cha majini, na Nazareti iko vilimani. Kinataja jubilei ya kila miaka 100, ilhali Torati inasema 50. Aliyeweka miaka 100 ni Papa Bonifasi VIII, mwaka 1300. Nakala ya Kiitaliano iliyopo Vienna ni ya mwishoni mwa karne ya 16 hivi, na hakuna Kanisa lolote la kale linalojulikana kukisoma.

Tena kinamfanya Yesu akane kuwa Masihi, ilhali Kurani yenyewe inamwita Masihi. Kwa hiyo hata ndugu Mwislamu ana sababu zake za kukitilia shaka.

Hapo tunaweza kukataa kwa dhamiri safi, kwa sababu tumepima. Tumekikataa kwa kuwa kinajitangaza kuwa ushahidi wa macho, na kila kinapokatwa ushahidi huo hauonekani.

Nostra Aetate, tamko lingine la Mtaguso la mwaka 1965, linautaja Ubudha kwa jina na kusema kwamba Kanisa halikatai chochote kilicho kweli na kitakatifu katika dini hizo. Huwezi kukitambua kilicho kweli kwa jirani kama unampimia kwa kibaba kimoja na kujipimia kwa kingine. Huku kwetu, ambako Mkristo na Mwislamu mara nyingi ni watoto wa ukoo mmoja na hukaa pamoja msibani, kibaba cha pili huonekana mara moja.

Kwa hiyo, frateri, na wewe katekista: ukiulizwa juu ya andiko la dini nyingine, uliza yale maswali matatu. Kisha, kabla hujajibu, yaulize pia kwa Biblia uliyoishika mkononi. Haitaogopa.