Askari Aliyeumia Alipwe Kila Mwezi, Siyo Mara Moja

 Leo tunataka kusema juu ya watu ambao hapa kambini Dzaleka tunakaa nao lakini hatuwataji. Ni wale waliokuwa askari, wakaumia kazini, jeshi likawaacha, na sasa hakuna anayewapa hata tambala moja.

Tunajua hii ni mada ya moto. Wengi wetu tulikimbia kwa sababu ya watu wenye bunduki. Kuna mama ukimwambia "yule papa zamani alikuwa jeshini", hatakaa naye tena kwenye benchi moja. Hatumlaumu, ameona mengi. Lakini tuanze na sheria, maana maneno ya uongo yanazunguka sana. Sheria ya wakimbizi haimpokei mpiganaji ambaye bado anapigana. Pia Mkataba wa 1951, ibara ya 1F, unamtoa nje mtu aliyefanya uhalifu wa kivita au uhalifu dhidi ya binadamu. Haumkatai mtu kwa sababu tu aliwahi kuvaa gwanda. Aliyeweka silaha chini kabisa, ikathibitika kweli ameacha, anaweza kuomba hifadhi kama raia mwingine. Sisi hapa tunasema juu ya huyo.

Sasa hoja yetu ni hii: mtu akiumia jeshini anapoteza vitu viwili, siyo kimoja. Anapoteza sehemu ya mwili, na anapoteza mshahara. Hivyo ni vitu tofauti na kila kimoja kina deni lake. Mguu uliokatika unadaiwa fidia. Mshahara uliokatika unadaiwa pesa ya kula kila mwezi, kwa sababu njaa nayo inakuja kila siku.

Mfano mzuri uko mbali, Kanada, nchi ambayo vijana wengi hapa wanaiota. Kule jeshi lina bima ya mshahara kwa askari anayeachishwa kazi kwa sababu ya jeraha au ugonjwa. Kwa miaka mingi bima hiyo ilihesabu asilimia 75 ya mshahara wake, na kwa yule asiyeweza tena kufanya kazi yoyote ililipa mpaka afike miaka 65. Ni vizuri, si ndiyo? Lakini kulikuwa na ujanja ndani. Askari akipata pia pensheni ya ulemavu, ile inayolipwa kwa ajili ya maumivu na mwili ulioharibika, bima ilikata kiasi hicho hicho kwenye malipo yake. Yaani mkono wa kulia unampa, wa kushoto unachukua. Askari mmoja wa zamani, Dennis Manuge, akapeleka serikali yake mahakamani mwaka 2007 kwa niaba ya wenzake maelfu. Tarehe 1 Mei 2012 mahakama ikasema makato yale si halali. Mwaka uliofuata yakakubaliwa malipo ya zaidi ya dola milioni 880 za Kanada. Mahakama ilikubali jambo ambalo hata bibi wa kijijini analijua: pesa ya kidonda siyo pesa ya unga.

Turudi kwetu sasa. Novemba 2018, karibu na Beni, walinda amani wa Malawi na Tanzania walipambana na waasi wa ADF. Askari wa Malawi, Chancy Chitete, alimwona Mtanzania Ali Khamis Omary amejeruhiwa, hawezi kusogea, risasi zinapita. Akamvuta mpaka mahali pa usalama, akaanza kumfunga jeraha. Chitete akapigwa risasi, akafa. Omary akapona. Mwaka 2019 Umoja wa Mataifa ukampa Chitete nishani yake ya ujasiri ya juu kabisa, ile yenye jina la Kapteni Mbaye Diagne wa Senegali. Wengi wetu tuna ndugu Beni. Hatuwezi kusema habari ya askari wa Malawi kama habari ya watu wengine.

Lakini angalia namna malipo yanavyopangwa. Mlinda amani akifa au akibaki na ulemavu wa kudumu, Umoja wa Mataifa unatoa fidia ya jumla. Ya ulemavu inahesabiwa kwa asilimia kulingana na ukubwa wa jeraha. Pesa inapitia serikali ya askari, kisha inamfikia yeye au familia yake. Inatoka mara moja, basi. Hatusemi ni kidogo au ni nyingi, tunasema imekaa vibaya. Pesa ya mara moja ikiingia kwenye nyumba yenye madeni, ada za shule na wajomba kumi, kila mtu ana shida ya haki kabisa. Baada ya muda imekwisha, na jamaa bado ana miaka 28. Ana miaka 40 mbele yake bila mshahara. Hata mguu wa bandia haudumu, unachakaa, unahitaji kurekebishwa na kubadilishwa tena na tena. Nani ameweka pesa ya mguu wa tatu na wa nne?

Januari 2025 Goma ikaanguka mikononi mwa M23. Malawi ikapoteza askari watatu wa kikosi cha SADC, na wengine wakajeruhiwa. Machi mwaka huo SADC ikafunga kazi ya kikosi hicho. Waliokufa walipokelewa kwa heshima, na ilistahili. Swali letu kwa Lilongwe ni la majeruhi: miaka kumi kutoka sasa, ni ofisi gani itakuwa inawalipa kila mwezi, na kwa hesabu gani? Jibu liandikwe wazi, askari alijue kabla hajapanda ndege.

Hii nchi inalijua jambo hili tangu zamani. Pale City Centre, Lilongwe, kuna mnara wa kumbukumbu ya askari waliokufa vitani. Humo mnakumbukwa wazee wa King's African Rifles, ambao babu zetu waliwaita Keya. Wanaume wa Nyasaland, Tanganyika, Kenya na Uganda walipelekwa mpaka Burma kupigania mfalme wa Uingereza, na wengine Kiswahili walijifunzia humo jeshini. Vita vilipoisha 1945 walipewa bahashishi ya kuagwa. Mwaka 2019 mwandishi Jack Losh alitoa hadharani hati zilizoonyesha kwamba malipo hayo yalipangwa kwa rangi ya ngozi, Mwafrika akipata mpaka theluthi moja tu ya Mzungu wa cheo sawa. Mwaka 2018 Uingereza ilikuwa imetangaza pauni milioni 12 ili maveterani wa nchi zilizokuwa koloni zake wapate milo miwili kwa siku. Miaka zaidi ya 70 baadaye! Mzee wa miaka 95 anapewa chakula kama sadaka, wakati alichokuwa anadai ni haki yake.

Kuna nchi jirani zilizojaribu njia nyingine. Rwanda ilianzisha tume ya kurudisha wapiganaji uraiani mwaka 1997, ikapokea watu wa majeshi tofauti, mpaka waliotoka misitu ya Kongo. Mwaka 2007 ikatunga sheria ya kulinda wapiganaji wa zamani wenye ulemavu, na ulemavu ukapangwa kwa makundi kulingana na ukubwa wake. Hapa hatufanyi siasa, tunajua Dzaleka kuna Wanyarwanda wenye maoni tofauti. Tunachosema ni kwamba nchi maskini iliyotoka kwenye vita iliweza kuliweka jambo hili kwenye sheria. Kwa hiyo "haiwezekani" siyo jibu.

Na Kongo? Ndugu zetu Wakongomani wanajua maana ya solde: kidogo, inachelewa, na zamani ilipita mikono mingi. Askari akiumia, anakaa kambi ya jeshi na familia yake akisubiri. Vita vikifika hapo naye anakimbia kama sisi. Akivuka mpaka, jina lake linakufa kwenye orodha. Lakini orodha zipo. Kati ya 2005 na 2016 ujumbe wa Umoja wa Ulaya, EUSEC, ulisaidia kuhesabu wanajeshi wa Kongo na kuwapa kadi, kisha mishahara ikaanza kupitishwa benki. Serikali iliyoweza kumtambua mtu kwa alama za vidole inaweza kumtambua tena akiwa Dowa.

Wengine watasema Malawi ndiyo ilipe. Hapana. Malawi ilipoingia kwenye Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987 iliweka kando ibara kadhaa, mojawapo ya 24 inayohusu hifadhi ya jamii, pamoja na ulemavu. Ilisema inazichukua kama mapendekezo tu, siyo wajibu. Sisi tungependa Malawi ibadilishe hilo. Hata hivyo deni la askari siyo la nchi iliyompa hifadhi, ni la nchi aliyoitumikia. Kuvuka mpaka hakufuti deni la tajiri wako. Dawa ya deni ni kulipa.

Kuna swali gumu, na tusilikimbie: kwa nini tumtetee askari, wakati kuna raia waliokatwa viungo ambao hawakushika bunduki hata siku moja? Jibu letu ni lile la mifuko miwili. Raia mwenye ulemavu ana haki ya msaada kwa sababu ni mtu na ameumia. Askari ana hiyo hiyo, halafu anadai mshahara kwa mwajiri wake. Mwajiri akilipa deni lake, huyu papa anatoka kwenye foleni ya mgao, na nafasi yake anapata mjane. Mwajiri asipolipa, wote wanagombania kikapu kimoja ambacho kila mwaka kinapungua. Na tusisahau, mtu aliyefundishwa bunduki peke yake, akaachwa bila senti, kesho atakuja mtu wa porini kumwambia "kuja, kuna kazi".

Wahudumu wa mashirika, kwenu tuna maombi mawili. La kwanza, mtu mwenye ulemavu msimpe magongo au kiti cha magurudumu halafu faili ikafungwa. Muulizeni pia: unakula nini mwisho wa mwezi? Tangu 2023, serikali iliporudisha kambini wakimbizi waliokuwa wakifanya biashara mijini, hata wazima wanahangaika kupata kazi. Asiye na mguu atauza nini, na kwa nani? La pili, mkiandikisha watu, waelezeni kwa siri na kwa lugha wanayoielewa kwamba kuwahi kuwa askari peke yake siyo kosa. Anayeogopa kusema jeraha lake limetoka wapi hatatibiwa vizuri, na hatadai chochote.

Na sisi vijana, tuache kuwaita "vilema wa vita" tukicheka pale sokoni. Tujifunze kuandika barua, tutunze nakala za kadi zao za zamani za jeshi, tuwasaidie kupeleka madai kwenye balozi za nchi zao. Barua moja inaweza kukaa bila jibu. Barua mia moja zenye majina na namba za kazi ni vigumu kuziweka chini ya meza.