Ambreyaje Inaunguzwa Kwanza Ndani ya Komite



Bonde la Ruzizi linatoa mpunga, mahindi na mihogo. Bukavu inakula. Kati ya hizo mbili kuna mlima. Ziwa Tanganyika liko kwenye kimo cha meta 770 hivi, na Ziwa Kivu liko kwenye meta 1,460 hivi. Maana yake, kila gunia linalotoka Uvira kwenda Bukavu linapandishwa karibu meta 700. Kwa makamio yanayopita njia ya Ngomo, kupanda huko ni kona juu ya kona, na korongo liko pembeni.

Kooperative zenye bahati zina kamio lao. Mara nyingi kamio hilo ni mzee: Mercedes ya pua fupi, ya aina iliyoanza kutoka Ujerumani 1959, ao Bedford ya Waingereza. Sisi hatuyacheki makamio hayo. Moteri ya OM 352, ile ya silinda 6 na litre 5.7 hivi, ilianza 1964, na mpaka leo fundi anaifungua kwa funguo za kawaida, bila kompyuta. Chuma chake ni kinene. Kamio kama hilo likitunzwa, linalisha wanachama wengi.

Lakini kuna kifaa kimoja kinacholeta mabishano kila msimu wa mavuno, nacho ni ambreyaje. Shofere anakuja kwenye bilo na kusema: «Papa Prezida, hii ambreyaje inapatinaka, haitaweza kupanda Ngomo.» Komite inauliza bei. Bei inasikika kali. Mmoja anasema: «Weka paka diske, plato ingali mzima.» Wote wanafurahi, kikao kinafungwa.

Maoni yetu ni haya: ambreyaje nyingi za kooperative haziungui mlimani. Zinaunguzwa kwanza ndani ya komite, siku ile inapoamua kununua kifaa bila kupima, na siku ile inapoamua kuongeza magunia juu ya mzigo uliojaa tayari. Shofere na fundi wanakuja nyuma tu.

Vipande vitatu, kazi moja

Tueleze kwa ufupi, maana anayetoa makuta anapaswa kujua anachokilipia. Volan inazungushwa na moteri. Diske inakaa katikati ya volan na plato, na imeshika mti unaoingia kwenye bwati ya vitesi. Plato ina resori kali zinazoibana diske juu ya volan. Shofere akikanyaga pedali, bute inasukuma vidole vya plato, resori zinaachia, diske inakuwa huru. Akiondoa mguu, resori zinabana tena na nguvu ya moteri inafika kwenye magurudumu.

Basi nguvu ya kushika haitoki kwenye diske peke yake. Inatoka kwenye resori za plato, na kwenye uso wa volan uliolingana vizuri. Ambreyaje iliyopatina mpaka ikatoa harufu na moshi imepata moto mkali, na moto huo unalegeza resori. Ukiweka diske mpya chini ya resori zilizochoka, umeweka mkeka mpya kwenye kitanda kilichovunjika. Baada ya safari chache itapatina tena.

Tuchukue mfano wa hesabu. Hizi si bei za soko, ni namba za kuonyesha njia tu. Diske peke yake dola 120, kazi ya kushusha na kupandisha bwati ya vitesi dola 80: jumla 200. Diske, plato na bute pamoja dola 300, na kazi ileile 80: jumla 380. Komite inaona imeokoa dola 180. Baada ya miezi minne plato inakataa. Sasa diske mpya nayo imeungua, kwa hiyo inabidi kununua vyote vitatu na kulipa kazi mara ya pili: 380 nyingine. Jumla ni 580, na hapo hatujahesabu kamio lililolala njiani, wala magunia yaliyonyeshewa mvua. Chukueni bei za kwenu, mfanye hesabu hiyohiyo kwenye ubao mbele ya wanachama.

Kuna jambo lingine zito kuliko makuta. Ambreyaje isiyoshika ni hatari pia wakati wa kushuka. Shofere anateremka na vitesi ya chini ili moteri imsaidie kuzuia kamio. Kama ambreyaje inaachia, msaada huo unapotea, mzigo wote unabaki kwenye freni za mguu, nazo zinapata moto mpaka zinashindwa. Juu ya magunia mara nyingi wamekaa watu. Wengi wao ni mama zetu wanaosindikiza mali yao sokoni.

Nunua kwa kipimo, si kwa jina

Kosa la pili ni kumtuma mtu mjini na karatasi iliyoandikwa «diske ya Mercedes». Kamio la miaka 40 ao 50 limepita katika mikono mingi. Moteri inaweza kuwa ya kamio moja na bwati ya vitesi ya kamio lingine. Jina la kwenye pua halisemi kilichomo ndani.

Kwa hiyo fungueni kwanza, kisha mnunue. Pimeni upana wa diske kwa milimeta, kutoka ukingo mpaka ukingo. Hesabuni meno ya ndani ya kitovu chake na mpime tundu la kitovu. Angalieni kitovu kimejitokeza upande gani na kwa kiasi gani, maana diske ikigeuzwa ao kitovu kikiwa kirefu kupita kiasi, itagusa volan na haitaachia. Hesabuni tundu za bulo za plato na mpime umbali kati yao. Angalieni kama plato yenu ni ya vidole vitatu ao vinne vyenye resori za duara, ama ni ya sahani moja yenye vidole vingi vyembamba. Bute ya aina moja haiendi na aina nyingine.

Njia iliyo bora ni kubeba kifaa cha zamani chenyewe ndani ya mfuko mpaka dukani, na kukilinganisha na kipya juu ya meza kabla ya kulipa. Boksi zuri si ushahidi. Boksi huchapishwa popote. Diske mpya iwe imenyooka ikizungushwa, riveti zake zikae ndani ya garniti bila kuchomoza, na resori za katikati zisicheze mkononi. Muuzaji asiyetaka mfungue boksi, mwachieni boksi lake.

Kutengeneza upya si aibu

Wako wanaosema kila kifaa lazima kiwe kipya. Sisi hatukubali moja kwa moja. Kwa makamio ya zamani, diske ya zamani ya chuma kizuri iliyowekwa garniti mpya na fundi anayejua inaweza kushinda diske mpya nyepesi. Kinachohitajika ni kujua nini kinatengenezeka na nini hapana.

Diske inastahili garniti mpya kama meno ya kitovu hayajalika, sahani haijapinda, na resori za katikati hazijavunjika. Baada ya kazi, iteleze kwa urahisi kwenye meno ya mti wa bwati ya vitesi. Plato ya resori za duara inastahili kutengenezwa kama uso wake hauna nyufa. Lakini resori zibadilishwe zote pamoja, si mbili zilizovunjika tu, na vidole virekebishwe vyote viwe kwenye kimo kimoja. Kidole kimoja kikiwa juu kuliko vingine, kamio litatetemeka kila likianza kuondoka. Bute hatuitengenezi. Bute inanunuliwa mpya, kila mara bwati inaposhushwa. Na rulema ndogo iliyo katikati ya volan iangaliwe siku hiyohiyo, kwa sababu hakuna atakayeshusha bwati mara ya pili kwa ajili yake.

Volan nayo inasahauliwa. Ikiwa na alama za bluu za moto ao mistari mirefu, ipelekwe kwa fundi wa mashini aisawazishe. Ila kuna tahadhari: kama volan ina ngazi, yaani mahali plato inapofungwa ni juu kuliko mahali diske inapogusa, lazima nyuso zote mbili zipunguzwe kwa kipimo kilekile. Fundi akipunguza mahali pa diske tu, plato itabaki mbali na resori hazitabana kwa nguvu zake zote. Mtalipa kazi ya kuharibu.

Kabla ya kufunga, tafuteni mafuta yametoka wapi. Diske iliyolowa mafuta haikufa kwa uzee. Kuna joini ya nyuma ya moteri ao ya mbele ya bwati inayovuja, na diske mpya itakufa vilevile kama joini haikubadilishwa.

Neno moja juu ya afya. Garniti nyingi za zamani zilitengenezwa na amianti, na vumbi lake linaharibu mapafu. Fundi asipulize vumbi kwa hewa ya kompresa, wala kwa mdomo. Alowanishe, apanguse kwa kitambaa chenye maji, na kitambaa hicho kifungwe na kutupwa mbali na watoto. Kijana anayejifunza kazi ni mtoto wa mwanachama wetu.

Mguu wa shofere, mzigo wa komite

Ni kweli shofere anaweza kuua ambreyaje mpya ndani ya mwezi mmoja. Anayeacha mguu juu ya pedali wakati wote, anayeshikilia kamio kwenye mlima kwa ambreyaje badala ya freni, anayeondoka na vitesi ya pili ao ya tatu akiwa na mzigo, huyo anaichoma. Pedali nayo iwe na nafasi ya bure kabla bute haijaanza kusukuma. Kwa makamio mengi ya zamani nafasi hiyo ni sentimeta 2 mpaka 3 hivi, lakini kitabu cha kamio ndicho chenye neno la mwisho. Nafasi ikiisha, bute inasukuma muda wote na ambreyaje inapatina hata kama ni mpya.

Lakini tuseme ukweli: ni nani aliyemwambia shofere abebe magunia 80 kwenye kamio la magunia 60? Si yeye. Ni komite, ama ni mkubwa fulani aliyekuja saa ya mwisho na mizigo yake, na hakuna aliyethubutu kumkatalia. Halafu kamio likikwama Ngomo, lawama yote inamwangukia shofere, na anakatwa mshahara. Huo si uongozi. Kama komite inataka shofere atunze ambreyaje, impe karatasi yenye sahihi inayosema mwisho wa mzigo, na imlinde siku atakapokataa kuupita.

Makuta ya ambreyaje yawekwe mapema

Wengine wanatuambia: uzeni hilo la zamani, nunueni kamio la kisasa. Kama makuta yapo, hatupingi. Lakini kamio la kisasa nalo lina ambreyaje, nayo itaisha. Kooperative isiyoweza kuweka akiba kwa ajili ya diske moja haitaweza kutunza kamio la bei mara kumi.

Sheria ya OHADA juu ya kooperative, iliyopitishwa 2010 na inayohusu nchi yetu tangu 2012, inadai kooperative iweke akiba kabla ya kugawa ziada. Wengi wanaona hiyo ni kazi ya kujaza karatasi. Sisi tunaona ni kinga. Katika kila safari, sehemu ndogo ya nauli iwekwe kando kwa jina la kamio, isiguswe kwa matanga wala kwa mapokezi ya wageni. Na liwepo daftari la kamio: tarehe ya kazi, kilometa, vipimo vya diske, meno mangapi, nani alifanya kazi, bei gani. Mwaka utakaokuja hakuna atakayehitaji kukisia, hata kama komite imebadilika.

Tunaomba basi kila kooperative yenye kamio iweke mambo matatu kwenye ajenda ya mkutano mkuu unaokuja. Kwanza, mwisho wa mzigo, uandikwe na usomwe mbele ya wote. Pili, akiba ya kamio, na majina ya watu wawili wanaoishika, mmoja wao awe mwanamke. Tatu, vipimo vya ambreyaje viingizwe kwenye daftari siku yoyote bwati itakaposhushwa. Mkulima anayejua idadi ya mifereji ya shamba lake hawezi kushindwa kujua idadi ya meno ya diske inayobeba mavuno yake.