Jaribu msimu kwenye simu kabla ya kununua mbolea

Ndugu mkulima, kabla hujatoa hela ya mbegu na mbolea, lima kwanza kwenye jedwali la hesabu. Excel au Google Sheets ya kwenye simu inatosha.

Wengi hupiga hesabu pembeni kwa kikokotoo, kisha huandika jibu kwenye jedwali. Kwa maoni yangu hilo ni daftari tu: bei ikibadilika, faida inabaki ya zamani. Andika fomula.

Tuseme ni ekari moja ya mahindi, kwa shilingi:

B1: magunia, 15
B2: bei ya gunia, 60000
B3: gharama za shamba, 600000
B4: usafiri kwa gunia, 5000
B5: =B1*B2-B3-B1*B4

B5 itakupa faida ya 225,000. Sasa badilisha B2 iwe 45000. Papo hapo faida inakuwa sifuri. Punguza na magunia yawe 12: hasara 120,000.

Ni kama mfereji: ukifungulia maji juu, yanafika kwenye majaruba ya chini yenyewe. Wataalamu wa kompyuta huuita mtiririko wa data. Programu ya VisiCalc ya Dan Bricklin na Bob Frankston iliufikisha kwa wafanyabiashara mwaka 1979.

Jedwali halitabiri mvua wala bei ya soko. Linakuonyesha bei itakayokuumiza wakati hela bado iko mfukoni. Nawe mnunuzi wa mazao, lijaribu kabla hujakodi gari.

Ukikwama kwenye fomula, njoo ofisini na simu yako.