Wijeti Haitakulipia Kodi

Wiki jana boyz wangu alinionyesha skrini ya kwanza ya simu yake kama mtu anayekutembeza kwenye keja mpya. Alikuwa amekesha akiipanga. Wijeti moja kubwa, kutoka juu hadi katikati, imebeba kila kitu: saa, hali ya hewa, kalenda, betri, hatua alizotembea, kazi za leo, asilimia ya mwaka iliyokwisha, na duara la kijani linalojaa kadiri anavyoweka akiba. "Maze, sasa maisha yangu yote iko hapa," akaniambia.

Kisha akaniomba soo mbili za stima.

Sikumcheka. Hapo nimewahi kukaa. Lakini nataka kusema jambo litakalowaudhi wapenzi wa simu zilizopangwa: wijeti ya mambo yote ni mahubiri. Inahubiri ile injili tunayolishwa kila siku, kwamba kijana wa Nairobi hana pesa kwa sababu hajajipanga. Amka saa kumi na moja. Andika malengo. Gawa siku vipande vya nusu saa. Ukifeli, shauri yako, maana ratiba ilikuwa mbele ya macho yako.

Yangu niliitengeneza nikiwa mwaka wa pili chuoni, kwa KWGT, programu ya Android inayokuruhusu kujichorea wijeti kuanzia mwanzo. Nilikesha siku tatu kwenye Wi-Fi ya hosteli nikijifunza kuandika fomula na kuchagua rangi. Chini kabisa niliweka mstari wa kuhesabu siku zilizobaki hadi kuhitimu. Kila asubuhi namba ilipungua moja, nami nikajiona mtu wa maana.

Mwaka uliofuata karo ilikwama, nikaondoka. Nilihamia kwa rafiki Githurai, nikaanza kuwaandikia watu makala kwa malipo ya kila neno. Nyumbani sikusema kitu. Wijeti nayo ikaendelea kuhesabu, kwa sababu hakuna aliyeiambia kwamba nimeacha.

Wikendi ya Mashujaa nilienda ushago. Mama akaniomba simu ampigie shangazi. Nikampa bila kufikiria. Akaiangalia skrini, akasoma polepole kwa sauti: "Siku 412 hadi kuhitimu." Akatabasamu. "Kumbe imebaki kidogo hivyo, mwanangu? Mungu ni mwema." Nikasema ndiyo, mama. Jumapili hiyo aliwaambia wenzake wa chama. Ilinichukua miezi minne zaidi kumwambia ukweli, na hadi leo akinipigia naiona ile namba.

Utasema kosa ni langu, simu ilionyesha nilichoiambia. Kweli kabisa, na hapo ndipo ubishi wangu unapoanzia. Wijeti haiyajui maisha yako. Inajua ulichoijaza. Hata kiufundi, wijeti ya Android ni kama picha ambayo programu imeituma kwenye skrini ya kwanza, ikakaa hapo ikingoja picha nyingine. Kwa ratiba ya kawaida, mfumo hauiamshi programu isasishe wijeti zaidi ya mara moja kila dakika 30, ili betri isiishe. Saa itatembea, sawa. Lakini ile hali ya hewa unayoiamini inaweza kuwa ya nusu saa iliyopita, na yeyote anayetoka Rongai kuingia tao anajua mvua inaweza kufanya nini ndani ya nusu saa.

Tena, kadiri wijeti inavyobeba mambo mengi, ndivyo inavyoomba kufunguliwa milango mingi. Inataka kujua ulipo. Inataka kalenda yako. Inataka kuhesabu hatua zako. Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, lakini sheria haitakushika mkono saa nane usiku unapobonyeza "Ruhusu" mara ya tano kwa sababu unataka skrini ikamilike.

Na inakamilika kwa ajili ya nani? Wijeti zenyewe si kitu kipya. Android ilikuwa nazo zaidi ya miaka 10 kabla Apple haijaziruhusu kwenye skrini ya kwanza ya iPhone mwaka wa 2020. Ziliporuhusiwa huko, TikTok ikajaa watu wakionyeshana skrini zao: rangi zinalingana, picha za mawingu, aikoni zimebadilishwa zote. Skrini ikawa sebule ya wageni. Mimi sina neno na urembo. Neno langu ni pale urembo unapoitwa maendeleo. Unamaliza usiku mzima ukiupangia mstari wa "kazi za leo" fonti nzuri, asubuhi unaamka kazi yenyewe haijaguswa na macho yanawasha.

Kinachoniuma zaidi ni kile ambacho wijeti haihesabu. Mwaka jana niliandikia mteja mmoja makala nne. Zote nilizitia tiki, duara likajaa, 100%. Pesa ziliingia baada ya zaidi ya miezi miwili. Muda huo wote nilikuwa nakwepa keyateka kwenye ngazi huku simu ikinipongeza kwa rangi ya kijani. Uzembe wangu ulikuwa na duara. Wake haukuwa na chochote. Kila kipimo kwenye ile skrini kilinipima mimi: nimelala saa ngapi, nimetembea hatua ngapi, nimemaliza nini. Aliyenikalia pesa hakupimwa.

Ndiyo maana nasema injili ya kujipanga inawafaa sana wanaotudai kazi bila kutulipa. Ukiamini shida ni ratiba yako, hutamuuliza mtu kitu. Utabadilisha wijeti.

Sisemi uzitupe zote. Najua dada mmoja anayemeza dawa kila siku, na wijeti yake ya kumkumbusha imemsaidia kuliko sisi marafiki zake. Hiyo inajibu swali moja ambalo yeye mwenyewe huuliza kila jioni: nimemeza au bado? Chukua kipimo hicho. Tazama skrini yako, uulize kila wijeti inajibu swali gani, na swali hilo ni la nani. "Asilimia ya mwaka iliyokwisha" ni swali la nani? Nani aliamka akataka kulijua?

Yangu nilizifuta usiku uleule niliomwambia mama. Sasa nina mbili. Moja ni saa. Nyingine ni noti ya kawaida, haina rangi wala fomula, na haionyeshi kazi zangu. Inaonyesha wanaonidai pole wakati mimi nawadai pesa: jina, kiasi, tarehe niliyowasilisha kazi. Kila Jumatatu saa tatu naanza kupiga simu kutoka juu kwenda chini. Wengine hawashiki. Wengine hukasirika. Ila wawili walilipa mwezi uliopita, na kodi ikatoka hapo.

Yule boyz wangu wa duara la kijani hajanirudishia soo mbili zangu. Yuko namba tatu.