HAMA, HAMA, MPAKA LINI?

Ndugu wafanya kazi wa reli, pamoja na ninyi wote mnaopokea karatasi hii,

Mwezi uliopita ndugu yetu mmoja wa genge la njia alipakia kitanda, jiko, masufuria na kuku wanne juu ya mkokoteni wa punda, akaondoka Rongai. Wengine walidhani amepewa uhamisho, wakamwuliza anapelekwa stesheni gani. Hakupewa uhamisho wowote. Mwenye nyumba alimwongezea kodi mara ya pili katika mwaka mmoja, na alipouliza sababu aliambiwa, "Na mimi nimeongezewa." Basi sasa anakaa mbele ya Kampi ya Moto, na kazi yake bado iko hapa hapa. Huamka saa tisa za usiku ili awahi kuandikwa jina. Akichelewa dakika kumi, hakuna anayeuliza ametoka wapi.

Hatungeandika habari hii kama ingekuwa ya mtu mmoja. Hesabuni wenyewe, katika genge lenu, ni wangapi wamehama tangu mwaka 2023 bila kupenda. (Twasema Rongai yetu ya Nakuru, yenye stesheni ya reli, si ile ya Ongata karibu na Nairobi. Twaeleza kwa sababu hata vifurushi vyetu hupelekwa huko kwa makosa.)

Mambo yalianza hivi. Tarehe 1 Desemba 2021, Nakuru ilipewa hati ya kuwa jiji, la nne katika Kenya baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Tulipiga makofi, sisi sote. Kisha wenye viwanja wakajua kwamba kiwanja cha jiji si sawa na kiwanja cha mji, na kodi ya vyumba ikaanza kupanda. Wenzetu waliokuwa wakikaa Nakuru wakaanza kuja Ngata na Rongai kutafuta nafuu. Vyumba vya Rongai navyo vikapanda, maana wanaotafuta ni wengi. Sasa mtu wa Rongai anakwenda Kampi ya Moto, Salgaa, au anavuka mpaka wa kaunti hadi Mogotio katika Baringo. Akifika huko anamsukuma mwenyeji wa huko. Ni kama mabehewa yanaposhuntiwa: la nyuma likigongwa, la mbele husogea, na aliye katikati hubanwa.

Wako wakubwa wanaotuambia, "Asiyeweza mjini na ahame, nchi ni kubwa." Neno hili tumelisikia katika mikutano, na hata katika vinywa vya wenzetu waliopata vyeo juzi. Twalijibu. Mtu wa reli hawezi kukaa popote apendapo. Reli ikikatika usiku wa mvua, anayeitwa ni yule wa karibu. Pointi ikikwama, gari la mizigo la Malaba halingoji mtu apande matatu mbili kutoka shambani. Kazi yetu yataka tukae kando ya njia, na mshahara wetu wasema tukae mbali nayo. Mmoja kati ya hawa wawili anasema uongo.

Tena kuhama kwenyewe kuna gharama. Utalipa mkokoteni au lori. Utatoa kodi ya mwezi mmoja na amana ya mwezi mwingine. Watoto utawaondoa shule katikati ya muhula, na sare mpya utanunua. Halafu kila siku ya kazi utalipa nauli kwenda na kurudi. Tulikaa na yule ndugu wa kuku wanne tukamfanyia hesabu kwa kalamu: alichookoa katika kodi ya chumba chote kinakwenda kwa makondakta, na juu yake anaongeza. Alinyamaza, kisha akasema, "Basi nimehama bure."

Katika shule ya misheni tulifundishwa kwamba Yusufu na Mariamu walisafiri mpaka Bethlehemu kwa sababu ya amri ya Kaisari ya kuandikisha watu. Mwalimu wetu alieleza habari ya nyota na habari ya hori, lakini hakutuambia nauli ya punda ilitoka mfukoni mwa nani. Siku hizi ndilo jambo la kwanza tunalofikiri tukisikia somo lile.

Sasa tuitazame karatasi ya mshahara, maana wengi huitia mfukoni bila kuisoma. Tuchukue mtu wa Sh. 30,000/- kwa mwezi. Kabla ya Februari 2023, wengi wetu tulikatwa Sh. 200/- za N.S.S.F. na, kwa mshahara huo, Sh. 900/- za N.H.I.F. Jumla Sh. 1,100/-. Katika mwaka 2025 mtu huyo huyo, kwa mshahara ule ule, alikatwa N.S.S.F. asilimia 6, yaani Sh. 1,800/-, bima mpya ya afya asilimia 2.75, yaani Sh. 825/-, na tozo ya nyumba asilimia 1.5, yaani Sh. 450/-. Jumla Sh. 3,075/-.

Tuwe wa kweli, kwa maana adui akikukamata na uongo mmoja huziba masikio kwa kweli zako kumi. Kwa mtu wa mshahara huo bima imepungua Sh. 75/-. (Wa Sh. 40,000/- yeye ameongezewa mia nzima.) Fedha za N.S.S.F. ni akiba yetu wenyewe, na mwajiri naye hutia sehemu yake. Kodi ya mapato nayo imeshuka kidogo, kwa kuwa makato hayo sasa hutolewa kwanza kabla kodi haijahesabiwa. Haya yote tunayakubali. Lakini ukijumlisha na kutoa, bado zaidi ya Sh. 1,200/- kila mwezi hazifiki nyumbani, na mwenye chumba hakubali kulipwa kwa ahadi ya uzeeni.

Habari ya tozo ya nyumba ni ya ajabu zaidi. Ililetwa na Sheria ya Fedha ya 2023. Mahakama Kuu ikasema mnamo Novemba mwaka ule kwamba ni kinyume cha Katiba. Bunge likatunga sheria nyingine, ikatiwa sahihi Machi 2024, na makato yakaendelea. Sisi hatukatai watu kujengewa nyumba. Twauliza tu: mtu wa genge la Rongai anayetoa Sh. 450/- kila mwezi, naye anahama chumba kwa sababu hakiwezi, nyumba yake iko wapi? Bondeni, Nakuru, nyumba zimejengwa, tumeziona tukipita. Tuonyeshwe mmoja wetu aliyepewa ufunguo.

Na hicho ni kilichokatwa kabla hatujashika fedha. Tukishazishika, yako mengine. Mafuta ya gari na ya taa yalitiwa kodi ya V.A.T. ya asilimia 8 mwaka 2018, na Julai 2023 ikawa asilimia 16. Katika mwaka huo huo wa 2018 mafuta ya taa yalitiwa tozo ya Sh. 18/- kwa kila lita, eti wenye magari wasiyachanganye na dizeli. Mwenye kuchanganya ni tajiri wa matangi, na mwenye kulipa ni mama wa koroboi. Julai 2024 tozo ya barabara ikapanda kutoka Sh. 18/- mpaka Sh. 25/- kwa lita. Nauli haikukawia. Hata Tozo ya Maendeleo ya Reli, iliyoanza mwaka 2013 juu ya bidhaa zinazotoka ng'ambo, inalipwa na mwenye kununua sabuni na sufuria, yaani sisi. Reli ile mpya ilifika Suswa mwaka 2019 ikakaa huko, na sisi wa njia ya zamani tunaendelea kuiviringisha nchi kwa vyuma vya babu zetu.

Kisha kaunti. Kina mama wetu wanaouza sukuma na nyanya hutozwa ushuru wa soko. Mwenye duka hulipa leseni. Mwenye lori la mahindi hulipa sesi njiani. Mwenye kiwanja hulipa kodi ya kiwanja. Hakuna hata mmoja kati yao anayeuweka mzigo huo mgongoni mwake. Kila mmoja humpa wa mbele yake. Wa mwisho ni mpangaji na sufuria yake, na nyuma yake hakuna mtu wa kumpa.

Vijana wanafikiri jambo hili ni jipya. Sivyo. Wengi wetu hapa Rongai, Solai na Njoro tuko hapa kwa sababu ya kodi. Kodi ya nyumba ilipoanza mwaka 1901, na kodi ya kichwa mwaka 1910, watu waliokuwa na mbuzi na shamba lakini hawana rupia walilazimika kutoka makwao kutafuta mshahara. Wakubwa wa siku zile hawakuficha kwamba ndilo lililotakiwa. Babu zetu wakaja kuwa maskwota katika mashamba ya masetla wa bonde hili. Kwa sheria ya 1918 walitakiwa kumfanyia setla kazi siku 180 kwa mwaka. Mwaka 1937 halmashauri za masetla zikapewa nguvu ya kuzidisha siku hizo na kupunguza mifugo yao. Reli ndogo ya kutoka Rongai kwenda Solai ilibeba mazao ya masetla hao, na waliotandika vyuma vyake walikuwa walipa kodi.

Kodi ilipopandishwa hadi shilingi 16, na mwaka 1921 waajiri wakapatana kupunguza mishahara kwa theluthi moja, Harry Thuku, aliyekuwa karani wa simu, aliwakusanya watu wakakataa. Alikamatwa Machi 1922, na watu waliokwenda Nairobi kumdai walipigwa risasi. Lakini kodi ilishuka ikawa shilingi 12. Januari 1947 watu wapatao 15,000 wa Mombasa, wa bandari na wa reli pamoja, waliacha kazi kwa ajili ya ughali wa maisha na taabu ya nyumba, na baraza la uamuzi likawaongezea. Mwaka 1954 hata kamati ya serikali ya kikoloni, iliyoitwa ya Carpenter, ilikiri kwamba mshahara uliokuwa ukilipwa ulikuwa wa mwanamume asiye na mke wala mtoto, ikataka uwe wa kulisha jamaa nzima. Na tarehe 26 Juni 2024 Muswada wa Fedha uliondolewa, siku moja baada ya vijana kufika Bungeni na wengine wao kufa. Hatufurahii damu ya mtu. Tunakumbusha tu kwamba kodi haikushuka kutoka mbinguni, wala haiwezi kusemwa kwamba haishuki.

Sasa, tuna nini mkononi? Tunayo Katiba ya 2010. Ibara ya 201 yasema mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki, na wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha. Ibara ya 209 yaipa kaunti ruhusa ya kutoza kodi ya viwanja, lakini yakataza kodi za kaunti zisidhuru uchumi wa taifa wala mwendo wa bidhaa na wafanya kazi kutoka mahali hata mahali. Someni tena hapo: mwendo wa wafanya kazi. Tunayo pia Sheria ya Ajira ya 2007. Kifungu cha 31 chamtaka mwajiri ampe mfanya kazi nyumba ya kufaa karibu na kazi, au fedha za kutosha kupanga nyumba ya kufaa. Neno ni "kutosha". Posho ya nyumba iliyopangwa wakati chumba cha Rongai kilikuwa nusu ya bei ya leo haitoshi, na kila mtu anayeketi upande wa pili wa meza anajua.

Lakini na sisi tujiseme. Kaunti inapoita watu watoe maoni juu ya muswada wake wa fedha wa mwaka, wanaokwenda ni wenye maduka na wenye viwanja. Wanakwenda kujitetea wenyewe, na ni haki yao. Sisi wapangaji hatuonekani. Mara ya mwisho tulikwenda wanne tu, na mmoja akaondoka kabla ya chai. Halafu mwezi wa saba tunalalamika kwenye benchi la stesheni mpaka kiti kinachoka.

Kamati ya tawi imeamua kudai posho ya nyumba ihesabiwe upya kwa kodi za kweli za kila stesheni, si kwa kukisia kutoka Nairobi. Kwa dai hilo karatasi zahitajika, kelele hazitoshi. Kila mwanachama, wa Rongai na wa stesheni jirani, amletee katibu risiti za kodi ya chumba za mwaka huu na za mwaka uliopita, pamoja na karatasi moja ya mshahara. Asiyepewa risiti na mwenye nyumba aandike kiasi, tarehe na jina la shahidi. Aliyehama aandike alikotoka, alikokwenda, na nauli yake ya kila siku. Majina hayatapelekwa kwa mwajiri, hesabu tu. Daftari liko kwa katibu kila Jumamosi baada ya saa nane. Yule ndugu wa kuku wanne amekwisha kuleta zake.