Mazungumzo ya Nyumbani: Kalamu, Wino na Daftari

Twaandika kutoka kwetu Kiembe Samaki. Mwezi huu twataka kuungama kosa letu, lipate kuwafaa walimu wenzetu na watu wa nyumbani mwao.

Sisi twapenda sana kalamu za wino. Jioni, kazi ikiisha, twaijaza kalamu, twafungua daftari, na kuona raha jinsi wino unavyoteremka wenyewe. Lewis Waterman wa Marekani alipata hati ya kalamu yake mwaka 1884. Chini ya ncha aliweka vijia vyembamba: wino ushukapo, hewa hupanda kushika mahali pake, matone yasidondoke ovyo. Wazee wa pwani hii walichovya kalamu ya unyasi katika kidau, na wino wao wa masizi ulidumu.

Basi zamani, tulipokuwa wageni katika kazi hii, tulinunua wino wa samawati wa kupendeza macho, tukauandikia daftari la ubatizo. Hatukuuliza kama wastahimili maji. Masika ilipokuja, paa likavuja usiku. Asubuhi tukakuta kurasa zimekuwa samawati tupu kama bahari, na majina hayamo.

Hata siku moja akaja bibi mmoja, akasema, "Mwalimu, mjukuu wangu ataka kupokea kipaimara. Nitazamie siku aliyobatizwa." Tukamwonyesha ukurasa, tukanyamaza. Akautazama sana, kisha akasema, "Jina lake nililichagua mimi." Maneno hayo yalituchoma kuliko karipio.

Tukatafuta kila sanduku. Katika daftari kuukuu la shule tulikuwa tumeandika majina kwanza kwa kalamu ya risasi. Na maandiko ya risasi hayayeyuki majini. Jina la mtoto likaonekana humo. Lakini majina mawili mengine hatukuyapata hata leo.

Mwaka 1888 vijana wa Kiungani, kisiwani humu, walianza jarida la Msimulizi. Twajua habari zao mpaka sasa kwa kuwa ziliandikwa, zikachapwa, zikatunzwa.

Kwa hiyo twawashauri hivi. Kwa barua na kwa furaha, tumieni rangi mpendayo. Kwa majina ya watu, tumieni wino wenye chuma, ambao huzidi kuwa mweusi ukipata hewa. Kwanza ujaribuni: andikeni mstari, uacheni siku nzima ukauke, kisha utilieni tone la maji. Tena osheni kalamu kwa maji safi mara kwa mara, kwa maana wino huo ukikauka ndani huiharibu. Na nakala ya risasi msiitupe.

Kupenda kalamu nzuri si kosa. Kosa letu lilikuwa kuupenda uzuri wa mwandiko kuliko mtu aliyeandikwa. Kwaherini hata mwezi ujao.