Mashariki mwa Kongo: je, dini ndiyo inaleta vita?

Kila mara raia wanapouawa katika Ituri ao Kivu Kaskazini, sauti mbili zinasikika. Ya kwanza inasema: hii ni vita ya Waislamu juu ya Wakristu. Ya pili inasema: dini haimo kabisa, wauaji hawana dini. Zote mbili zinajibu haraka mno, na katika muji kama Beni jibu la haraka lina bei yake. Jirani anaacha kununua kwa jirani, mtoto anakatazwa kucheza na mwenzake, kijana anasimamishwa barabarani kwa sababu tu amevaa kanzu.

Wenye kusema neno la kwanza hawakulitunga bure. Siku ya Mungu, tarehe 15 Januari 2023, bomu lililipuka ndani ya kanisa huko Kasindi, mpakani na Uganda, wakati wa ibada ya ubatizo. Watu zaidi ya 10 walikufa. Mwezi wa Julai 2025, huko Komanda, waamini waliokuwa katika mkesha wa sala kwenye parokia ya Wakatoliki waliuawa usiku. Zaidi ya watu 40 walizikwa, na kati yao kulikuwa watoto. Wauaji ni ADF, kundi ambalo tangu 2019 mashambulizi yake yanatangazwa kwa jina la Dola la Kiislamu.

Lakini tarehe 1 Mei 2021 shehe Ali Amini, mwakilishi wa jamii ya Waislamu mjini Beni, alipigwa risasi ndani ya msikiti, katika sala ya jioni, mwezi wa Ramadhani. Alikuwa akisema waziwazi dhidi ya ADF. Mwezi huohuo shehe mwingine aliuawa huko Mavivi. Kama hii ni vita ya Waislamu juu ya Wakristu, mashehe hao waliuawa kwa kosa gani?

ADF yenyewe ilizaliwa katika miaka ya 1990 kutokana na ugomvi wa Uganda. Ndani yake waliungana Waislamu wenye msimamo mkali waliokosana na serkali ya Kampala, pamoja na mabaki ya waasi wa NALU, watu wa milima ya Ruwenzori ambao vita yao haikuwa ya dini hata kidogo. Kilichowaunganisha ni adui mmoja na pori moja la kujificha. Miaka mingi wameishi kwa mbao, zahabu, kakao na biashara ya mpakani. Bendera ya Dola la Kiislamu ilikuja baadaye sana, wakati kundi lilihitaji jina kubwa na msaada wa mbali.

Historia ya dunia inaonyesha mambo ya namna hiyo. Mwaka 1095 Papa Urbano wa Pili aliita Wakristu wa Ulaya waende kukomboa Yerusalemu, na mwaka 1099 waliingia humo wakaua Waislamu na Wayahudi. Ila mwaka 1204 jeshi lililojiita la msalaba lilivamia Konstantinopoli, muji wa Wakristu wenzao, na kupora hata makanisa. Walikuwa na deni la meli kwa watu wa Venezia, wakakosa pesa za kulipa. Katika vita ya miaka 30 huko Ulaya, kuanzia 1618 hadi 1648, Wakatoliki na Waprotestanti waliuana kwa jina la imani. Hata hivyo Ufaransa, inchi ya Kikatoliki iliyoongozwa na kardinali Richelieu, ilisimama upande wa Waprotestanti wa Sweden. Kardinali alihesabu mipaka na nguvu za wafalme kabla ya kuhesabu sakramenti.

Karibu zaidi kuna Rwanda ya 1994. Huko Ntarama, Nyamata na Nyange watu walikimbilia kanisani, wakauawa humo humo, mara nyingi na watu waliokuwa wakikaa nao kwenye benchi moja siku ya misa. Na leo, katika vita ya M23, pande zote mbili zina askari wanaosoma Biblia moja na kuimba nyimbo zilezile. Kama tofauti ya dini ndiyo mzizi wa vita, vita hizo zisingekuwepo.

Je, sauti ya pili ndiyo yenye haki? Hapana. Dini siyo mzizi, lakini inampa muuaji kitu ambacho zahabu haiwezi kumpa: inamwambia kwamba kazi yake ni safi. Mwizi anajua ni mwizi. Mtu aliyefundishwa kwamba Mungu amemtuma hana tena anayeweza kumzuia, hata mama yake. Ndiyo maana viongozi wa dini hawawezi kunawa mikono na kusema tu « hao si wetu ». Padri mmoja wa Nyange alihukumiwa na mahakama ya Arusha. Alikuwa na parokia na waamini waliomtumaini.

Nguvu hiyohiyo inaweza kuzuia damu. Askofu mkuu Christophe Munzihirwa wa Bukavu alitetea raia na wakimbizi mpaka alipouawa tarehe 29 Oktoba 1996. Maaskofu wa CENCO ndio waliosimamia mapatano ya tarehe 31 Desemba 2016, wakati inchi ilikuwa karibu kuwaka. Mwezi wa Februari 2025, wajumbe wa CENCO na ECC walikwenda Goma kuzungumza na M23, hata kama wengi waliwalaumu.

Basi kinachotakiwa kinajulikana. Mchungaji anayepokea mabati ya kanisa kutoka mkononi mwa mkubwa wa kundi lenye silaha, hata asiposema neno, amekwisha kuhubiri. Arudishe mabati hayo. Imamu na padri wa mtaa mmoja wasingojee mazishi ndipo waonekane pamoja. Waende pamoja sokoni na mashuleni, wakiwa bado na watu wa kuokoa. Serkali nayo isijifiche nyuma ya neno « ugaidi ». Wakaaji wa Komanda wanataka kujua nani anakata mbao, nani anapitisha kakao, na kwa nini askari wanafika wakati nyumba zimekwisha kuungua. Maswali hayo hayajibiwi na Biblia wala Kurani. Yanajibiwa na wenye mamlaka, mbele ya mahakama, na majina yakitajwa.